Vifungo

Saa kumi na moja alfajiri, Yorkton,
nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri.
Injini ya ambulensi haizimwi; ikizimwa, haiwaki tena.
Dwayne ameulalia usukani, mdomo wazi.
Mimi kitabu kipo mapajani,
tochi ya kumulikia mboni nimeing'ata kwa meno,
nasoma habari za figo.

Miaka kumi na minne nimewabeba watu wa tambarare hii:
mkulima aliyeachwa bila mkono na mashine ya ngano,
mtoto aliyemeza betri,
bibi harusi aliyeporomoka ngazini na shela kichwani.
Nawajua kwa dakika ishirini.
Mlangoni nataja umri, mapigo, presha,
wananipokea machela, mlango unajifunga,
nami nabaki na glavu zangu
kama aliyesimuliwa hadithi ikakatwa katikati.
Nikirudi kuuliza, naambiwa: wewe si jamaa yake.

Basi nikajiandikisha.
Mama akapiga simu: Larissa, una miaka arobaini na moja,
mshika mbili moja humponyoka.
Mama, mimi nimeshika tatu:
zamu, masomo, na Teodor,
ambaye siku hizi hunibandikia vikaratasi kwenye friji.
*Maziwa yameisha. Hesabu nimepata themanini. Upo?*
Nikaandika chini yake, *Nipo*,
saa nane usiku, buti bado miguuni,
theluji ikiyeyuka sakafuni na kunitangulia chumbani.

Siku mbili mchana, siku mbili usiku,
kisha siku nne ambazo wenzangu huziita mapumziko
mimi naziita wodi ya tatu.

Huko ndiko nilikomkuta Mzee Nestor Kuzyk,
pajama ya michirizi, kifua kimelowa supu.
Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe,
ukachomoa mkasi.
"Rudisha," akasema Mwalimu Vold, wala hakupaza sauti.
"Nguo ina vifungo."

Vilikuwa saba.
Kwenye cha kwanza vidole vilinitetemeka,
mimi niliyezoea kuutafuta mshipa na kuupata
gari likikata upepo, Dwayne akitukana mashimo ya barabara.
Cha pili: akaniambia jina la mbwa wake.
Cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu, peke yake.
"Olha huyo," akasema, "mwaka wake wa mwisho.
Macho yalikuwa yamemwishia, na hakukubali kusaidiwa."
Nikakifungua taratibu,
kama mtu anayepita karibu na kitanda cha aliyelala.

Nimekata mashati mangapi?
Sijawahi kuhesabu, na sijutii; damu haingoji vifungo.
Ila huenda katika ile mifuko ya taka
mlikuwa na nyuzi nyekundu, na sikuuliza.

Cha nne, cha tano, sikumbuki alisema nini.
Nilimfuta kifua kwa maji ya uvuguvugu.
Mgongo wake una kovu refu, la zamani,
na nilikuwa na muda wa kuliona.
Nilipomaliza akauliza, "Utakuja kesho?"
Hilo ni swali ambalo garini kwangu
hakuna aliyewahi kuniuliza.
Kesho nina zamu. Nikamwambia Jumamosi.

Jana usiku tukamtoa mtu kwenye theluji kando ya reli.
Koti lake nililikata toka mkono hadi kola,
manyoya ya bata yakajaa garini,
yakaganda kwenye kope za Dwayne, kwenye mashine ya moyo,
na moyo, ndiyo, ulikuwa ukipiga.
Tukamfikisha. Mlango ukajifunga.

Asubuhi nikaingia kwenye mtihani na sare ileile.
Katikati ya swali la kumi na tisa
unyoya mmoja ukadondoka kutoka kwenye nywele zangu,
ukatua juu ya figo la kushoto.
Nikaupuliza.

Nimepata sitini na nane. Kufaulu ni sabini.
Ninarudia Ijumaa, baada ya zamu.
Jumamosi nina ahadi.